Jaruba la Ukutani

Mama Kulwa, mke wangu,

Hamjambo hapo Ushetu? Mama umfikishie shikamoo yangu. Mimi mzima, ila hili karasha la kusaga mawe ya dhahabu linanguruma kutwa, masikio yamechoka.

Jana nilipita ukumbi mmoja hapa Geita. Kuna binti aliyesomea Japani, ametundika ukutani shuka kubwa jeupe, na projekta inamulika hapo jaruba la mpunga wa kule, umeiva hasa, na mlima wenye theluji kwa nyuma. Kauchora kwa kompyuta, akaweka na kamera inayoona watu. Upepo ukapita, mpunga ukainama. Nakwambia, nilisikia harufu ya tope!

Mara likashuka kundi la shomoro, wakaanza kudonoa masuke. Sijui ilikuwaje, nikajikuta napiga makofi na kupaza sauti, "Hoooi!" kama tunavyoamia ndege shambani. Shomoro wote wakaruka. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Binti akaniambia, "Baba, usiwafukuze. Ukitulia, watakuja mpaka kwenye kivuli chako."

Nikatulia. Wenzangu wa karashani niliokuwa nao walidhani naona aibu. Aibu ya nini? Nilikuwa nasubiri uitikie kutoka tuta la pili, kama ufanyavyo shambani.

Kadi hii katupa yule binti, ndiyo picha yenyewe. Waonyeshe Kulwa na Doto. Nawe asubuhi ukiingia jarubani, paza sauti, halafu ungoje kidogo. Huku nitakuwa nimeitikia, hata karasha likinizidi sauti.

Wako,
Baba Kulwa