Mwenye Kilemba cha Njano

Mumias, 3 Juni 2024

Kwa Bi Winifrida,

Pokea salamu kutoka Mumias. Natumaini u mzima huko London. Sisi hatujambo, ila mvua imezidi.

Mimi ndiye mama mzazi wa Priscilla. Namba yako nimepewa na mkwe wangu Jotham, na Priscilla hajui nakuandikia. Nimeona picha za harusi. Hilo jumba la manispaa la Woolwich ni zuri kweli: vioo vya rangi, ngazi pana kama za kanisa kuu. Na kwenye ngazi hizo mwanangu kashikwa mkono na wewe. Viza yangu ilipokataliwa nililia wiki nzima. Sikujua nafasi yangu imeshapata mtu. Majirani wananiuliza, "Huyo mwenye kilemba cha njano ndiye mama wa Uingereza?"

Nakuuliza kwa heshima: uliombwa, au ulijipeleka?

Mama Priscilla

Thamesmead, 5 Juni 2024

Dada yangu, shikamoo. Pole na mvua. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Niliombwa. Mimi na Priscilla tunahudumia wazee nyumba moja, zamu moja, na miaka mitatu hii akiugua namkorogea uji mimi. Siku ile tulipofika kwenye sanamu ya Malkia Victoria, pale ngazini, akakanyaga gauni, nikamshika. Msajili wa ndoa akauliza, "Huyu ndiye mama wa bibi harusi?" Nikatabasamu, nikajiweka sawa kuitikia.

Priscilla akasema, "Hapana. Mama yangu yuko Kenya. Huyu ni rafiki wa kazini."

Rafiki wa kazini! Sikujaliwa mtoto, dada. Pilau ya harusi niliipika mimi, na sikuionja. Nilikuonea wivu wewe, ambaye hata hukuwepo.

Mdogo wako,
Winifrida

Thamesmead, 20 Oktoba 2024

Shikamoo dada. Habari za tangu Juni? Naona ulisoma, hukujibu. Kama nilikukosea, nisamehe.

Leo Priscilla kaniambia ana mimba. Nikamuuliza, "Mama anajua?" Akacheka: "Mama alijua kabla ya Jotham." Basi hongera. Nilijifungia chooni kazini hadi macho yakakauka.

Mdogo wako,
Winifrida

Mumias, 14 Januari 2025

Mdogo wangu Winifrida, marahaba. Hujambo na baridi ya huko?

Hukunikosea. Sikujibu kwa sababu barua yako ilinifurahisha. Uliumia, nami nikafurahi, nikairudia kila nilipokukumbuka ukiwa umemshika mwanangu. Ile ya Oktoba ndiyo iliyonikata maini. Niliisoma mara moja tu.

Safari hii viza imetoka. Nafika mwezi ujao, kabla Priscilla hajajifungua. Nataka kuliona hilo jumba. Tutaenda sisi wawili, yeye abaki apumzike. Unionyeshe mlipopita.

Wivu bado ninao, sikufichi. Kwa hiyo tuelewane mapema: mtoto akizaliwa, wa kwanza kumbeba ni mimi.

Wa pili ni wewe. Jotham atasubiri.

Dada yako,
Mama Priscilla