Muti wa Upande wa Kushoto

Neema, mujukuu wangu,

Huku Baraka tuko wazima, na dada yako amejifungua mutoto wa kiume. Niliposikia dereva amekusukuma mutaroni na baiskeli yako huko Uvira, moyo ulisimama. Niliposikia huna hata jeraha, nikapumua.

Unauliza kama uache kupita barabarani. Usiache.

Ujanani nilibeba bidoni za mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka Lweba. Dereva mmoja wa lori alinibana kila siku ya soko, akipayuka, "Barabara iko ya magari. Kinga, baiskeli yako hiyo, ipite mu majani." Nilimweleza haki yangu, nikamwomba pia, alicheka. Nikapima mwenyewe: lori lilipita kiganja kimoja tu kutoka goti langu. Basi nikakata muti, nikaufunga nyuma ya muzigo, ukatokeza mita moja upande wa kushoto, ule magari yanakotupitia, na kitambaa chekundu kwenye ncha.

Soko lililofuata alisimama nyuma yangu. "We kijana, ule muti utakwaruza rangi yangu."

"Pita mbali basi, papa."

Akapita mbali kabisa, akinitukana. Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani.

Bado inaniuma kwamba alihurumia rangi kuliko mguu wangu. Lakini nilifika muzima, na tangu siku ile sikubishana tena na dereva.

Muti utaukata huko, usizidi mita. Kitambaa nakutumia, bibi yako amekishona pindo kisichanike na upepo.

Tate yako