Korongo Saba Juu ya Soko

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikutangulie mlangoni kabla hujaifungua bahasha hii. Nataraji wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha shemeji kimekwisha kusahaulika. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi bado nakanyaga cherehani pale chini, na nyumba ndiyo ile ile, ngazi zinalia ukizikanyaga.

Joto limeanza kulegea. Asubuhi kunakuwa na ukungu mwembamba juu ya mapaa, na mbayuwayu wamejaa kwenye nyaya za simu. Wanajipanga, wanasukumana, wanajipanga upya, utadhani wanangoja kuitwa majina. Keremkerem, wale ndege wala nyuki, unawasikia kabla hujawaona. Sauti inapita juu laini, kama birika linaloanza kuchemka chumba cha pili, kisha kimya, na hujui kama umesikia au umeota. Siku hizi nashona huku akili iko mawinguni. Wiki iliyopita nilimshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto, na hakucheka hata kidogo.

Unamjua Baba na msimu huu. Wewe ndiye uliyekaa naye juu ya paa miaka yote ile, mimi Chiriku wako nikiambiwa nilete chai nishuke, kwa kuwa siwezi kufunga mdomo. Na unaijua sheria yake, aliyokuja nayo kutoka kwenye upimaji wa ardhi: mmoja asome, wa pili asome, ndipo kiandikwe. Ndege aliyeonwa na mtu mmoja ni uvumi tu, haingii kwenye daftari. Ulipohama miaka minne iliyopita akakosa mtu wa pili, akaniita mimi. Nilizipanda zile ngazi mbili mbili, mtu mzima mwenye duka lake.

Msimu wa kwanza tuliona kwa haki. Wa pili, asubuhi moja, Baba alinyoosha kidole kwenye tangi la maji la nyumba ya pili akasema hudihudi. Nikatazama. Palikuwa na tangi na kutu yake. Nikafungua mdomo niseme, nikamwona amekwisha kufunua daftari, kalamu mkononi, uso umechangamka kama wa mtoto. Nikasema nami nimemwona. Niliona ni jambo dogo tu, la kumfurahisha mzee.

Halikubaki dogo. Hudihudi akafuatwa na kozi, kozi akafuatwa na ndege ambao hata wewe hujawahi kuwaona. Mwezi uliopita Baba aliona korongo weupe saba wakizunguka juu ya soko. Yalikuwa mashuka ya mama wa ghorofa ya kule, ameyaanika. Nikasema ndiyo, saba, nimewahesabu. Akawaandika kwa herufi kubwa juu ya mstari wa jana yake, jina juu ya jina, wala hakujua. Na hizo ndizo orodha zetu, kaka, unazowasomea wenzako wa huko wanaohesabu ndege. Ile barua yako ya kwamba wameshangazwa na paa letu nilimsomea Baba mara tatu, kwa kuwa alitaka irudiwe.

Baada ya wale korongo nilimpeleka kwa daktari wa macho, nikimdanganya kwamba tunakwenda kubadilisha miwani. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na apasuliwe upesi kabla mambo hayajaharibika zaidi. Baba akamuuliza, kwa ule upole wake wenye miiba, kama mtu asiyeona anaweza kumtambua hudihudi aliye hatua mia. Akasema kama huamini, muulize binti yangu. Daktari akanigeukia. Kaka, niliitikia kwa kichwa. Tukarudi nyumbani bila tarehe ya upasuaji, Baba kifua mbele, mkono wake begani kwangu ili asijikwae.

Jumatatu iliyofuata nilichelewa kupanda, kwa sababu ya gauni lile la mikono ya kushoto. Nilipofika juu na chai nilimkuta Baba amekaa mahali petu, anaongea. Alikuwa anaeleza kundi linalopita upande wa kiwanda, anauliza kama nimeliona, anangoja, anauliza tena. Alikuwa anaongea na shali yangu, niliyoisahau jana yake kwenye mgongo wa kiti. Akauliza kwa upole mbona leo nimenuna.

Niliweka sinia chini, nikaiondoa shali, nikaketi. Kisha nikamwambia yote, kuanzia kwenye tangi hadi kwenye mashuka.

Hakupiga kelele. Alisema kwamba katika miaka thelathini na sita ya kupima hakuwahi kuwa na msaidizi aliyemsomea namba isiyokuwapo kwenye kipimo, na kwamba msaidizi wa namna hiyo hurudishwa kwao siku ile ile. Akateremka akipapasa ukuta. Kesho yake akamwomba jirani, si mimi, amsindikize kwa daktari akachukue tarehe. Kwa siku tisa hakunisemesha ila salamu. Asubuhi nilikuwa nawasikia keremkerem wakipita, na hakuna aliyepanda juu kuwatazama.

Najua unavyonifikiria wewe. Unasema Chiriku ana huruma, alishindwa kumvunja mzee moyo. Ndivyo nilivyomwambia Baba pia, na si kweli. Niliogopa. Nilijua siku akikubali kwamba haoni, daftari litafungwa, nami nitarudi kuwa wa kuleta chai. Nilimpata baba yangu wewe ulipoondoka, kaka, na nilikuwa tayari macho yake yafe ili nisimpoteze. Nimeyaandika haya, na sifuti.

Juzi walimpasua jicho la kulia. Jana asubuhi ndipo muuguzi alipomfungua bandeji. Nilikwenda bila kuitwa, nikasimama dirishani nisiwe njiani mwa mtu. Nje mbayuwayu walikuwa wanapita, wengi mno, chini chini, hata wagonjwa wengine wakainuka vitandani kutazama. Walipita na kupita kama hawana mwisho. Nikasema, Baba, tazama.

Hakutazama nje. Alinitazama mimi. Akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule, kisha akaniuliza hizi mvi za mbele zimeota lini. Nikasema zina miaka mitatu. Akanyoosha mkono akazigusa kwa ncha za vidole, akasema kumbe mwanangu ameanza kuzeeka hapa ubavuni pangu na mimi nahangaika na ndege. Akalia, kaka, Baba yetu, mpaka muuguzi akamkemea kwa ajili ya jicho.

Ameniagiza nikuombe uwaambie wenzako wafute ndege wetu wote wa misimu mitatu, na uwaombe radhi kwa niaba yetu sote wawili. Jicho la kushoto ni mwezi ujao, ukipata ruhusa kazini njoo. Msalimie sana shemeji, watoto wabusu mmoja mmoja kwa ajili yangu. Mimi naishia hapa, kwani Baba ameamka na ananiita nikakae naye.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku