Mfuko wa Karani

3 Desemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na macho bado yanakuruhusu kusoma. Huku sisi wazima, ila kazi imenibana. Mwezi wa Krismasi kila mtu anataka shati lake linyooke, na mimi dobi nina mikono miwili tu.

Baba, nimemfufua mtu! Kwenye sanduku la nguo za marehemu mama nimemkuta Karani, yule mwanasesere uliyetushonea mimi na mdogo wangu Kitinda kwa vipande vya kitambaa cha majalada. Bado ana daftari lake, macho yake ya vifungo vya koti, na mfuko kifuani. Nimemkalisha juu ya kabati na kumwambia Chiriku vilevile ulivyotuambia sisi: Karani anaona yote, anaandika yote, na mkesha wa Krismasi anapeleka daftari kwa Baba Krismasi. Mwenye kosa aandike karatasi, aitie mfukoni. Karani ataifikisha kwa mzazi, na jibu litakuja kwa wino mwekundu.

Huwezi kuamini. Mtoto wa miaka minane, mdomo kama cherehani, leo anaosha vyombo bila kuitwa! Mume wangu anacheka, anasema hata yeye anaogopa kujikuna mbele ya Karani.

Ule mwandiko mdogo mwekundu uliufanyaje? Wangu unatoka kama miguu ya kuku.

Mjukuu wako anakuamkia.

Binti yako


9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, na Chiriku marahaba mara mbili. Goti linalalamika kama kawaida yake, tumezoeana.

Umeuliza jambo dogo, nami nitakujibu kwa marefu. Nimejalidi vitabu miaka arobaini, na vingi nilivisoma kabla ya kuvifunga, kwa hiyo ufupi ulinipita. Wino ule ulikuwa wa kuchorea mistari ya rejista za shule. Nibu ya kalamu ilikuwa nyembamba kuliko zote za karakana. Niliandika alfajiri, kabla hamjaamka.

Sasa nisikilize. Na Baba Krismasi mwenyewe sina ugomvi. Kumwambia mtoto kwamba zawadi imeletwa na mzee mwenye ndevu ni utani. Siku akigundua, mtacheka wote. Lakini mchezo una alama yake: mchezaji anaweza kusema, "Sichezi tena." Je, Chiriku anaweza kumwambia Karani hivyo? Mzazi mwenye fimbo huchoka, huenda kazini, husahau. Kifungo cha koti hakipepesi. Mtoto akitazamwa hivyo usiku na mchana, wema hajifunzi. Anajifunza kujificha.

Mtoe. Mrudishe sandukuni. Nakuomba, nawe wajua siombi mara nyingi.

Baba yako


13 Desemba

Baba,

Shikamoo, na pole na goti.

Barua yako imenichekesha kidogo, usikasirike. Aliyemshona Karani ni nani? Leo mpishi anakisema chungu chake! Mimi nililelewa na Karani na sikuota mkia. Majirani wanachapa watoto mpaka tunasikia huku. Mimi nimeweka mwanasesere juu ya kabati. Kipi afadhali? Mume wangu anasema, "Mwambie mzee ni utani wa Krismasi tu, Januari anarudi sandukuni."

Na matunda nayaona. Chiriku ametulia, hata kuimba kaacha. Anavaa sweta la shule mchana kutwa na jua hili; namtania kwamba amekuwa bibi harusi, anajisitiri. Dawa ya meno inaisha kabla ya wiki, nami nasema heri, mtoto anapiga mswaki. Kila alfajiri natia vidole mfukoni mwa Karani: hamna kitu. Basi hana kosa. Ungetaka nini zaidi?

Binti yako


16 Desemba, kwa mkono wa dereva wa lori

Mama,

Salamu baadaye. Kabla hujasoma zaidi, mvue Chiriku lile sweta. Kwa upole, usimgombeze. Nyumba yako ina pasi ya moto, na mtoto aliyekatazwa kuigusa. Dawa ya meno haiishi kwa mswaki. Watoto hupaka palipoungua.

Ukishamtazama, soma.

Tulikwambia mdogo wako alikufa kwa homa. Ilikuwa pepopunda. Kitinda alikanyaga msumari karakana kwangu, nilikowakataza kuingia. Tundu dogo kama la sindano, limefichwa na soksi. Lingeoshwa siku ile, akachomwa sindano, leo angekuwa mjomba mwenye kitambi. Tulijua taya lilipoanza kukaza. Daktari aliniuliza, "Mbona mmechelewa?"

Mwezi ule kila alfajiri nilitia vidole mfukoni mwa Karani. Hamna kitu. Nikasema, basi hana kosa. Ni maneno yako yaleyale, mwanangu. Nilipoyasoma nilidhani naona mwandiko wangu.

Miaka ishirini na sita najua kwamba nilimtisha mtoto mpaka akafunga mdomo. Kila Desemba vidole vyangu huamka kabla yangu, vinapapasa shuka, vinatafuta mfuko.

Nijibu upesi.

Baba


30 Desemba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kimya cha wiki mbili. Najua kila lori lililopita ulilisimamisha kwa macho. Chiriku yu hai. Tumetoka hospitali juzi.

Dereva alinikuta nakunja mashati. Nilimvua Chiriku sweta mlangoni palepale, mbele yake, na kitambaa kilikuwa kimegandana na ngozi. Alikuwa ameungua kuanzia kiwiko hadi kiganja. Alijaribu kunyoosha gauni lake mwenyewe, anisaidie, ili Karani aandike jambo zuri. Usaha ulikuwa umeingia ndani. Nesi alisema siku mbili zaidi tungekuwa tunazungumza habari ya mkono, au ya mtoto mwenyewe.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akanishangaa. "Nilisema, mama. Nilimwandikia Karani. Wewe ukanyamaza, nikajua umekasirika."

"Acha uongo, mfukoni hamkuwa na kitu."

"Karatasi niliitia mimi mwenyewe!"

Tuliporudi nyumbani nikachukua mkasi. Baba, mshono wa chini wa mfuko umefumuka, pana tundu la kupita kidole. Kinachotiwa humo kinaangukia tumboni, kwenye vipande vya karatasi ulivyomjazia. Ya Chiriku nikaikuta. Chini yake kulikuwa na nyingine, ya manjano, imeandikwa kwa penseli.

Nilitaka kukuficha. Mume wangu akasema, "Familia yenu imefichana vya kutosha." Basi naiweka humu. Penseli imefifia, ikikushinda, inasema hivi:

"Karani mwambie baba nimekanyaga msumari wake. Mguu unauma. Nangoja jibu."

Hakufunga mdomo, Baba. Alisema.

Binti yako


8 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa mkono wa Chiriku. Kila asubuhi nashukuru upya.

Karatasi nimeisoma bila miwani. Miaka yote hii nilidhani aliniogopa akanyamaza. Kumbe alizungumza, tena kwa njia niliyomfundisha mwenyewe. Nilimweka karani mlangoni pangu, na mwanangu akapanga foleni.

Chiriku asimwandikie mtu wa vitambaa tena. Akiungua, akivunja, akiiba sukari, aje akwambie wewe, hata kama unapiga kelele. Na mimi aniandikie nyimbo. Nimekaa kimya muda mrefu humu ndani.

Chupa ya wino mwekundu nimeipata nyuma ya rafu. Ilikuwa imekauka, nikaitia maji. Wewe ndiye uliye karibu na makaburi. Jibu lipeleke kwa mkono wako mwenyewe, uliweke chini ya jiwe, usimpe mtu akufikishie.

Baba yako


Kitinda,

Karatasi yako imefika. Sijakasirika. Njoo unionyeshe mguu.

Baba