Mawe Yenye Uwazi Ndani

Jumamosi, 8 Machi
Miguu si yangu tena. Jana Baba Kidoti alipitisha greda kwenye barabara ya mashambani, basi leo mimi na wifi tumepita nyuma kutafuta mawe iliyoyafukua, kabla malori hayajayasaga. Yale ya duara — nje sura ya kiazi kilichosahaulika, ndani uwazi uliojaa fuwele. Unaligonga kwa nyundo ndogo. Lililojaa husema ko, basi. Lenye uwazi hulia kama chungu.

Kidoti, binti yangu, naye aligonga ya kwake. Ana miaka mitatu, neno hata moja hana. Lakini aliyoyachagua yote yana uwazi! Anasikia! Kumbe yule muuguzi aliyetaka tumpeleke akapimwe masikio alikuwa na haraka zake tu. Wifi akacheka: mtoto amekushinda, wewe masikio yako ya kuvalia hereni.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amefurahi. Anasema hata Baba Kidoti alichelewa kusema, na alipoanza kusema walitamani anyamaze. Nimelala mchana!

Jumanne, 11 Machi
Sijui niandikeje.

Tulirudi barabarani kwenye mawe, lori likatokea nyuma yetu kwenye kona, honi mpaka ndege wakatawanyika. Wifi akarukia mtaroni. Kidoti amechuchumaa katikati ya njia, mgongo kwa lori, anagonga jiwe lake. Nilimvuta kwa gauni. Dereva akafoka, huyo mtoto hana masikio? Wifi alimpa zake.

Jumatano, 12 Machi
Leo nimemtazama tu, bila kumsaidia. Jiwe halipeleki sikioni. Analibana kidevuni, ndipo anagonga.

Nikajaza pamba masikioni, nikaweka jiwe kidevuni, wifi akanigongea. Lililojaa — hakuna kitu. Lenye uwazi — mtetemo ukapanda mpaka kwenye meno. Sauti sikuisikia, lakini jiwe nililijua.

Mwanangu ana akili kuliko nilivyodhani. Na hasikii. Yote mawili yamenipata kwa mpigo.

Wifi hakutania. Alichukua kapu, akatangulia.

Alhamisi, 13 Machi
Mama mkwe: msimtangazie mtoto ugonjwa, ataolewa na nani? Miaka mitatu, tayari ni habari za kuolewa! Nikasema, mama, nakuheshimu, lakini Jumatatu naenda naye akapimwe masikio. Akasusa chai.

Baadaye nikamwona Baba Kidoti jikoni, amesimama nyuma ya mtoto, ameshika sufuria na mwiko. Akapiga. Akapiga tena, kwa nguvu. Kidoti anaendelea kupanga mawe yake. Akaiweka sufuria chini polepole, kama yai.

Jumatatu, 17 Machi
Tuko kwenye benchi, tunangoja mtaalamu wa masikio. Watoto wa watu wanapiga kelele mpaka kichwa kinauma. Sijawahi kusikia kelele nzuri namna hii. Kidoti amekaa sakafuni, anaangalia feni inavyozunguka.

Mama mkwe amekuja — hakuna aliyemwita! — amejipamba kama anakwenda harusini. Njia nzima ananiambia tutaaibika, mtoto mzima tunampeleka kwa daktari.

Mlango umefunguka. Muuguzi ameita jina la Kidoti, jina kamili.

Nimeinama kumnyanyua. Mama mkwe amenishika mkono. Ananong'ona: usimguse, mwache ageuke mwenyewe.

Muuguzi ameita tena.