Hodi ya Mama Daktari

Pasiansi, Mwanza

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Sisi wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini nguvu za kugombana na kuku wangu bado anazo.

Unauliza kama majirani wa huko ugenini, ulikokwenda kutibu watu, wanakuchukia, maana wanafika mlangoni, wanatabasamu, wanaondoka.

Kabla ya Uhuru, nilipokuwa binti pale kisiwani, Nansio, alikuja daktari Mzungu na mkewe na mtoto wao mchanga. Mimi, mama yangu na majirani tukaenda kumsalimu yule mama. Tukaita, "Hodi!" Naye akajibu kutoka ndani kwa furaha, "Hodi!" Tukasubiri atukaribishe, wapi! Tukarudi na ndizi zetu, tukisema ana maringo. Kila tukienda, ni hivyo hivyo.

Siku moja daktari amevuka ziwa kwenda Mwanza, tukasikia mtoto analia vibaya. Tukaita hodi. Yule mama akajibu, "Hodi," huku naye analia.

Mama yangu akasema, "Jamani, huyu hajui neno. Twendeni ndani!"

Mtoto alikuwa anawaka homa. Tulimkanda kwa maji mpaka baba yake akarudi na kumtibu. Yule mama akatushika mikono, akauliza, mumewe akitutafsiria: "Mbona siku zote hamkuingia? Nilikuwa nawaitikia."

Neema, mimi sijui huko wanakaribishaje mgeni. Waulize wenyewe. Huenda wanasimama hapo mlangoni na ndizi zao mkononi.

Bibi yako,
Kabula