Maksai Wetu, Bwana Shauri

Dabani, Jumamosi jioni

Wamemla. Maksai wetu, tuliyemwita Bwana Shauri kwa sababu ya kitambi chake kama cha mkuu wa wilaya, leo amekuwa mchuzi wa watu waliompigia Baba kura. Baba sasa ni mjumbe wa baraza kule Tororo, na eti mjumbe hawezi kuwalisha wageni mihogo mitupu.

Mimi ndiye niliyemtoa zizini. Dabani nzima hakuna anayeongoza maksai kama mimi, hata yule mwalimu aliyenifukuza darasa la nne anajua. Nilipovuta kamba, Bwana Shauri alikwenda mwenyewe mpaka penye plau, akainamisha kichwa avikwe nira. Alidhani tunakwenda kulima pamba.

Mama akauliza, "Baba Wandera, mvua hii tutalima na nini?"

"Tutaiomba serikali trekta," Baba akajibu. Wageni wakapiga makofi.

Nikamwambia, "Mheshimiwa, na hilo trekta litaitika ukiliita?" Hakucheka.

Nyama sikuigusa. Nilikwenda ghalani kuificha nira nisiione tena. Nikamkuta Baba kanitangulia, ameketi na koti lake jipya la baraza, nira mapajani. Naye hakuwa amekula.

Nilikuwa na mzaha mwingine mdomoni. Nikaumeza.